Kliniki ya moyo au ya mapafu: kulinganisha foleni za hospitali za umma kabla rufaa haijatumwa

Hospitali moja imetangaza wiki 6 za kusubiri kliniki ya moyo, nyingine wiki 11. Zote ni za umma, na kwa haraka haraka mtu angekimbilia ya kwanza. Lakini ile ya wiki 6 huenda inahesabu tangu siku rufaa ilipokubaliwa, baada ya barua kulala kwenye faili wiki kadhaa, na kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) huenda kina foleni yake inayoanza siku utakapoonana na daktari. Ile ya wiki 11 huenda inakupima eko asubuhi na kukuingiza kwa bingwa mchana wa siku hiyohiyo. Idadi ya wiki iliyotangazwa ni kipande kimoja tu cha safari, na si lazima kiwe ndicho kirefu kuliko vyote.

Wasiopaswa kupanga foleni hii

Maumivu ya kifua yanayobana au kukandamiza yakapita dakika 15, hasa yakienda mkononi, kwenye taya au mgongoni na jasho la baridi likatoka. Kuishiwa pumzi ukiwa umekaa tu, hadi sentensi haimaliziki. Midomo kugeuka rangi ya bluu. Kuzirai katikati ya kazi ya nguvu. Kukohoa damu nyingi. Pumzi kukata ghafla huku mguu mmoja umevimba na unauma. Hizo ni za idara ya dharura, siku hiyohiyo. Kinachotia wasiwasi ni kwamba mtu mwenye tarehe ya kliniki mfukoni huwa mzito zaidi kwenda dharura kuliko asiye nayo; anajiambia "si nina miadi mwezi ujao". Tarehe ile ilipangwa kwa hali iliyoandikwa kwenye barua, si kwa hali ya leo.

Kikohozi kilichopita wiki 2 pamoja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito nacho hakingoji bingwa wa mapafu. Makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa 2 tangu sampuli iingizwe.

Moyo au mapafu?

Kuishiwa pumzi ndiko kunakopoteza miezi ya watu. Anayeandika rufaa akikisia vibaya, mgonjwa anangoja kliniki ya mapafu, anaambiwa mapafu yako safi, nenda moyo, kisha anaanza upya kwenye mkia wa foleni ya pili. Ukilinganisha kliniki mbili za idara tofauti, kosa hilo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya wiki kati ya hospitali na hospitali.

| | Inaelekea moyo | Inaelekea mapafu |
|---|---|---|
| Pumzi inapokata | Ukilala chali, ukiamka usiku ukitafuta hewa, ukipanda ngazi | Kwenye vumbi, moshi, baridi, alfajiri, baada ya mafua |
| Kinachoambatana | Miguu yote miwili kuvimba, mapigo kwenda mbio au kuruka, kifua kubana ukijitahidi | Kikohozi cha muda mrefu, makohozi, mluzi kifuani |
| Historia | Shinikizo la damu, kisukari, mshtuko wa moyo, homa ya baridi yabisi utotoni | Sigara, moshi wa kuni, kazi ya migodini au ya vumbi, kifua kikuu cha zamani |
| Vipimo kabla ya rufaa | ECG (kipimo cha umeme wa moyo), NT-proBNP, picha kamili ya damu, figo | Eksirei ya kifua, spirometria, oksijeni ya kidoleni |
| Kipimo kinachoshikilia foleni | Eko | CT skani, bronkoskopi (kamera ya kuchungulia njia za hewa), kipimo cha usingizi |

Usilifanye jedwali hili hakimu. Mluzi unaweza kutoka kwenye moyo uliozidiwa na maji, na ugonjwa sugu wa mapafu huweza kuvimbisha miguu kwa kuuchosha upande wa kulia wa moyo. Isitoshe, upungufu wa damu hukata pumzi bila kuhusika na idara yoyote kati ya hizi mbili. Ndiyo maana picha kamili ya damu ni lazima kwenye orodha hata kama inaonekana kipimo cha kawaida mno.

Kipimo kimoja cha damu kinaamua mengi kuliko bei yake: NT-proBNP. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba Uingereza, unasema mtu anayeshukiwa moyo kushindwa (kusukuma damu ipasavyo), akiwa juu ya 2,000 ng/L, aonwe na bingwa na apimwe eko ndani ya wiki 2. Akiwa kati ya 400 na 2,000, ndani ya wiki 6. Akiwa chini ya 400, uwezekano ni mdogo na sababu nyingine zitafutwe. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kinakuchagulia idara na papo hapo kinakupangia daraja la uharaka. Kina mitego yake: unene kupita kiasi hukishusha, na dawa za kupunguza maji mwilini hukishusha pia, umri mkubwa, figo dhaifu na mapigo yasiyo na mpangilio hukipandisha. Majibu yasomwe pamoja na mtu mwenyewe.

Upande wa mapafu, kinachofanya kazi hiyo ni spirometria, yaani kupuliza kwenye mashine. Wanatafuta mipulizo isiyopungua 3 inayokubalika, na kwa kawaida hawapitishi 8. Kisha unapewa salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, unangoja dakika 15, unapuliza tena. Uwiano wa FEV1 (hewa inayotoka sekunde ya kwanza) kwa FVC (hewa yote uliyopuliza) ukibaki chini ya 0.70 baada ya dawa, njia za hewa zimebana na hazikufunguka vya kutosha. Ndiko COPD, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, inakothibitishwa. Wengi hutibiwa "pumu" miaka bila kupuliza hata mara moja, na rufaa ya namna hiyo ikifika kwa bingwa, jibu la kwanza huwa ni kurudishwa kwenda kupima.

Saa inaanza kuhesabu lini?

Hapa ndipo takwimu za hospitali mbili, au nchi mbili, zinapoacha kulinganishika. England, saa huanza siku hospitali inapopokea rufaa na husimama matibabu yanapoanza au inapoamuliwa kwamba hayahitajiki. Lengo ni wiki 18 kwa asilimia 92 ya wanaosubiri. Hapo vipimo vimo ndani ya hesabu. Uswidi dhamana imekatwa vipande: siku 90 hadi kumwona bingwa, kisha siku 90 nyingine hadi matibabu baada ya uamuzi. Australia, upasuaji uliopangwa una madaraja 3, siku 30, 90 na 365, lakini saa hiyo huanza jina linapoingizwa kwenye orodha ya upasuaji. Muda uliongoja kumwona daktari aliyekuingiza humo haumo. Ayalandi huchapisha idadi ya watu kwa mafungu ya miezi waliyokwisha kungoja, kwa kila hospitali na kila idara, kwa hiyo unaona urefu wa mkia bila kujua wewe utafika mbele lini.

Hakuna inayodanganya hapo. Kila moja inapima kipande chake. Lakini ukiweka "siku 90" ya huku kando ya "wiki 18" ya kule na kusema hii ni fupi, unalinganisha nusu ya barabara na barabara nzima. Kwa hiyo, ukisoma takwimu yoyote, andika pembeni yake mambo mawili: inaanzia tukio gani na inaishia tukio gani. Kama hayakuandikwa, uliza. Na kama hakuna anayejua, takwimu hiyo iache.

Wastani na wenzake

Wastani huvutwa na wachache waliosahaulika miaka. Bora ni muda wa mgonjwa wa katikati: nusu waliingia kabla yake, nusu baada. Bora zaidi kwa anayepanga maisha ni muda ambao wagonjwa 9 kati ya 10 walikuwa wameshaonwa. Kliniki ya moyo yenye mgonjwa wa katikati wiki 5 na wa tisa wiki 40 inakuambia kwamba wa haraka wanapita upesi na wa kawaida wanaachwa. Kama barua yako ni ya daraja la kawaida, wiki yako ni karibu na 40.

Kuna jambo jingine linalopindua maana kabisa. Muda wa waliokwisha kuonwa haumhesabu anayengoja bado. Hospitali ikiamua mwezi huu kuwaita wote waliokaa zaidi ya mwaka, takwimu yake ya mwezi huo itatisha, ilhali ndiyo kwanza imeanza kusafisha. Nyingine ikiwaita wapya tu na kuwafukia wa zamani, itang'aa. Angalia miezi 6 hadi 12, si mmoja, na uangalie idadi ya wanaongoja inapanda au inashuka.

Kama huna chochote ila idadi, gawanya. Orodha ina watu 480 na kliniki huona wagonjwa wapya 80 kwa mwezi: miezi 6. Halafu toa wa haraka. Kati ya wale 80, wakiwa 30 ni wa haraka wanaoingia juu kwa juu, nafasi za kawaida ni 50, na kama watu 450 kwenye orodha ni wa kawaida basi ni miezi 9. Hakikisha tu umepewa wagonjwa wapya. Wanaorudi kliniki ni wengi kuliko wapya kwenye idara zote mbili, na karani akikutajia "tunaona 300 kwa mwezi" mara nyingi amewachanganya.

Hospitali A na hospitali B

Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu anayeshukiwa valvu mbovu. Hospitali A: barua kuchambuliwa wiki 2, kliniki wiki 6, eko wiki 9 baada ya kliniki, kurudi kwa majibu wiki 5. Jumla wiki 22. Hospitali B: kuchambuliwa wiki 1, kliniki wiki 11, eko na majibu siku hiyohiyo. Jumla wiki 12. Iliyoonekana ndefu imeshinda kwa wiki 10.

Sasa mpe mgonjwa huyo eko ya karibuni, iliyofanyiwa kwingine, yenye ripoti kamili: uwezo wa kusukuma damu kwa asilimia, vipimo vya kila valvu, na picha zenyewe kwenye diski. Hospitali A inakuwa wiki 8, B inabaki 12. Jibu limegeuka bila foleni yoyote kusogea. Swali la kuuliza A ni moja: je, mnakubali eko ya nje, au mnarudia zote? Wanaorudia zote, wiki 22 yako iko palepale. Na ripoti ya mstari mmoja isemayo "moyo uko kawaida" hairuki popote, itarudiwa.

Kwa mapafu hesabu ina umbo jingine. Spirometria ni ya nusu saa na mara nyingi hufanyika siku ya kliniki. Kinachorefusha ni CT, kisha bronkoskopi, ambayo huwa na siku zake chache za wiki, kisha kikao cha madaktari wa fani mbalimbali kwa makovu ya mapafu au uvimbe. Anayeshukiwa saratani asipimwe kwa foleni ya kawaida hata kidogo. England lengo ni kumthibitishia au kumwondolea shaka ndani ya siku 28, na kuanza tiba ndani ya siku 62 tangu rufaa. Ukiwa na umri wa miaka 40 au zaidi na umekohoa damu bila sababu inayojulikana, uliza kama hospitali ina njia hiyo ya pekee. Isiyo nayo isiwe chaguo lako, hata kama kliniki yake ya kawaida ni ya wiki 3.

Anayekoroma na kukata pumzi usingizini aangalie foleni mbili: ya kipimo cha usingizi na ya CPAP, mashine inayosukuma hewa usiku ili koo lisizibe. Kuna hospitali inayopima upesi halafu mashine hazipo.

Barua ndiyo inayokupanga

Daktari anayechambua rufaa hakuoni. Anasoma karatasi dakika chache na kuweka daraja. Soma hizi mbili kama yeye anavyozisoma.

"Mgonjwa ana maumivu ya kifua na uchovu. Naomba aonwe."

"Mwanamke, miaka 58, ana kisukari. Miezi 2 anabanwa kifua akipanda ghorofa moja, hupoa akisimama dakika 3. Kabla ya hapo alipanda tatu bila shida. Presha 150/90. ECG imeambatishwa: mawimbi ya T yamegeuka V4 hadi V6. Dawa: metformin, amlodipine. Simu inayopatikana iko chini."

Ni mtu yuleyule. Ya kwanza inaingia kawaida, au inarudishwa kuomba ECG, na ikirudi saa inaanza upya. Ya pili inasema dalili ni ya jitihada, inazidi, na kuna ushahidi kwenye karatasi. Kwa mapafu, vinavyoinua daraja ni oksijeni ya kidoleni kwa tarakimu, uzito ulioshuka kwa kilo na kwa muda gani, damu kwenye makohozi, mara alizolazwa mwaka huu, na umbali anaotembea kabla ya kusimama. "Anaishiwa pumzi" peke yake haisemi kitu. "Anasimama kila mita 100 kwenye tambarare" inasema.

Hali ikibadilika wakati unangoja, kupiga simu hospitali kulalamika hakubadilishi daraja. Kinachobadilisha ni barua ya pili kutoka kwa aliyekuandikia ya kwanza, yenye tarehe mpya na dalili mpya.

Kwa nini foleni hizi hazisogei kwa pamoja

Kliniki ya mapafu ina majira. Mafua na nimonia zikipamba moto, mabingwa haohao huvutwa wodini na kliniki za kawaida hufutwa. Takwimu ya mwezi mtulivu haikuandalii mwezi wa baridi. Chumba cha kupuliza nacho kinahitaji hewa kubadilishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mwaka 2020 vingi vilisimama kwa hofu ya matone ya UVIKO-19, na kipimo kikisimama kliniki nzima hukwama nyuma yake.

Moyo huyumba kwa sababu tofauti. Bingwa anayezibua mishipa huitwa kwa mshtuko wa moyo katikati ya kliniki. Halafu idara imegawanyika: valvu, mapigo, moyo kushindwa, mishipa. "Kliniki ya moyo, wiki 8" inaweza kuwa wastani wa wiki 3 za moyo kushindwa na wiki 20 za mapigo. Uliza ya tatizo lako.

Umbali

Tatizo la kufanyiwa jambo moja likaisha, kama kuziba tundu la moyo, kuweka betri au bronkoskopi, linastahili safari ndefu kwa foleni fupi. Moyo kushindwa na COPD hapana. Dawa za moyo kushindwa hupandishwa kidogo kidogo, mara nyingi kila wiki 1 hadi 2, huku figo na potasiamu zikipimwa. Ukishindwa nauli ya mara ya tatu, dozi inabaki ile ya kuanzia, na faida ya kuonwa mapema imeyeyuka. Kwa hao chagua ya karibu hata ikikuchelewesha wiki kadhaa, au bingwa wa mbali akubali kwamba dozi itapandishwa karibu na nyumbani.

Siku zinazopotea mlangoni

Nafasi nyingi hupotea siku yenyewe. Kupuliza kwa ajili ya kuthibitisha ugonjwa kunataka salbutamol iachwe saa 4 hadi 6, na formoterol na salmeterol, dawa za kuvuta zinazodumu muda mrefu, saa 24. Ukizidiwa tumia dawa yako, kisha mwambie mpimaji. Aliyepata mshtuko wa moyo ndani ya wiki 1, au upasuaji wa kifua au tumbo ndani ya wiki 4, kwa kawaida huahirishwa. Kipimo cha moyo kwa adenosine, dawa ya kupanua mishipa ya moyo, hufutwa ukinywa chai au kahawa ndani ya saa 12. CT yenye dawa ya rangi husimama pasipo majibu ya figo. Dawa za kuyeyusha damu huweza kuzuia bronkoskopi, na zisisimamishwe kwa kujiamulia. Aulizwe mapema aliyeziandika. Dawa za kupunguza mapigo vilevile, kuziacha ghafla ni hatari.

Ukipiga simu kulinganisha, usiulize "foleni ni ndefu kiasi gani". Uliza: nafasi ya kwanza ya mgonjwa mpya wa daraja la kawaida, kwa tatizo hili, ni tarehe ngapi? Rufaa huchambuliwa siku gani za wiki? Vipimo ni siku ileile? Mna orodha ya watu wa kuitwa mwenzao asipofika? Orodha hiyo inamfaa anayeweza kufika kwa taarifa ya siku moja, akiwa na majibu yake ya ECG, eksirei na damu kwenye bahasha moja. Na namba ya simu iliyo kwenye faili iwe ndiyo unayopokea: ukiitwa mara mbili bila kujibu, hospitali nyingi hulitoa jina na kurudisha barua ilikotoka.